Machubwi ya risasi, ndege wa ziwani na karai la uani

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi wa nyavu hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kazi niliyorithi kwa baba. Kamba ya chini ya wavu tunaitia vizito vya madini ya risasi tunavyomimina wenyewe. Tunanunua betri mbovu za magari, tunazipasua, tunayeyusha sahani zake kwenye karai uani, halafu tunamimina kwenye mchanga. Mjukuu wangu anafanya kazi hotelini mjini. Mgeni mmoja wa Uingereza alimwambia kwao machubwi ya risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, yalishapigwa marufuku na sasa wamewageukia wawindaji, eti madini ya risasi yanawapa ndege sumu. Hapa ndege aina ya mnandi wamejaa hadi wanakera, na sijaokota hata mmoja aliyekufa kwa risasi ya wavu. Je, mgeni alisema kweli? Kama ni kweli, mbona kwetu hatuwaoni hao ndege wanaokufa? Na samaki anayenaswa na wavu huo ana sumu?"

Shikamoo mzee wangu.

Mgeni alisema kweli, na wewe pia umesema kweli. Yeye anazungumzia ndege wa kwao, wewe unazungumzia mnandi wa Igombe, na matumbo ya ndege hao hayafanani. Hilo nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa ndilo ulilouliza. Ila nikuambie mapema ninakoelekea: katika barua yako kilichonishtua si wavu. Ni karai.

Tuanze na Uingereza. Kule watu wengi huvua kwa kujifurahisha. Mtu anakaa ukingoni mwa mto na fimbo yake, na samaki akimpata mara nyingi anamrudisha majini. (Ukimsimulia mvuvi wa Kayenze kwamba kuna mtu anavua kutwa nzima halafu anaachia, atakuuliza huyo mtu ana matatizo gani.) Kwenye mshipi hubanwa vichubwi vidogo, vingine havizidi punje ya mtama. Mshipi ukikwama na kukatika, vichubwi vinabaki chini. Kimoja si kitu, lakini mto ukivuliwa namna hiyo vizazi na vizazi, tope lake linajaa risasi. Na katika mito hiyohiyo anaishi batamaji, yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, anayezamisha kichwa na kula majani yaotayo chini ya maji.

Ndege wa aina hiyo hana meno, kwa hiyo kazi ya kutafuna inafanywa na firigisi. Aliyewahi kuchinja kuku wa kienyeji anaijua habari hii. Ukiipasua firigisi unakuta ngozi ngumu ya njano, na ndani yake changarawe zilizolainika kwa kusuguana. Kuku alizimeza kwa makusudi. Misuli ya firigisi inakamua, changarawe zinasaga mahindi. Batamaji naye huokota changarawe zake mtoni, na kichubwi cha risasi kwake ni changarawe kama nyingine.

Kikishaingia kwenye firigisi, mambo mawili yanakipata kwa pamoja. Kinasagwa na mawe, kwa sababu risasi ni laini, unaweza kuikwaruza hata kwa ukucha. Na ule unga wake unayeyushwa na tindikali ya tumbo, kisha unaingia kwenye damu. Siku chache au wiki chache, kichubwi kimekwisha. Kama kingebaki kizima kingetoka na kinyesi, na tusingekuwa na mazungumzo haya.

Kwenye damu sumu hii inajifanya kalsiamu, ile chokaa inayojenga mifupa. Mwili hauigundui. Unaipokea na kuipeleka kila mahali kalsiamu inapohitajika, kwenye mifupa, kwenye neva, kwenye misuli. Utengenezaji wa damu unavurugika. Neva zinazoendesha koo na utumbo zinakufa ganzi, hivyo ndege anaendelea kula na chakula hakishuki. Anakonda mpaka kifua kinabaki upanga, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo inajikunja na kulala mgongoni. Ukimpasua unakuta koo limejaa majani. Amekufa kwa njaa huku ameshiba.

Walipokufa wengi vya kutosha, serikali ikachukua hatua. Mwaka 1987 Uingereza ilipiga marufuku machubwi ya risasi kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35, yaani yale ambayo batamaji anaweza kuyameza. Makubwa zaidi yaliachwa. Angalia walivyokata hesabu yao: marufuku ilifuata ukubwa wa kinywa cha ndege. Batamaji wakaongezeka tena. Kanada ilifuata mwaka 1997 kwa kuzuia machubwi ya chini ya gramu 50 kwenye hifadhi zake za taifa, Denmark ikazuia uingizaji na uuzaji mwaka 2002. Marekani jimbo la kwanza kuchukua hatua lilikuwa New Hampshire, mwaka 2000, na kule aliyekuwa akifa si mla majani. Ni ndege mzamiaji aitwaye loon, mla samaki kabisa, lakini naye humeza changarawe kama kuku. Huyo mkumbuke, maana ndiye anayenizuia kukuambia kwamba kila ndege mla samaki yuko salama.

Kwa wawindaji hadithi ni ileile, ila badala ya mshipi kuna bunduki ya marisau. Katriji moja hubeba punje mia na zaidi, na zinazompata ndege ni chache tu. Zilizobaki zinamwagika kwenye kinamasi, mahali bata wanapookota changarawe zao. Marekani ilizuia marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Kilichosukuma uamuzi huo hawakuwa bata peke yao. Tai wao mwenye kichwa cheupe, yule wa nembo ya taifa, alikuwa akila bata waliojeruhiwa na kumeza marisau pamoja na nyama. Denmark ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1996 iliyafuta marisau ya risasi kwa uwindaji wote.

Risasi za bunduki kubwa, zile za mnyama mwenye kwato, nazo zina madhara yake. Risasi yenye kiini laini ikigonga mfupa haitulii, inapasuka na kurusha vipande vidogo mbali na tundu la jeraha, vingine vidogo mno kuonekana kwa macho. Mwindaji anachukua nyama, anaacha matumbo porini. Tai mzoga anakuja, anakula matumbo na vipande vyake. Huko California kuna tai mkubwa aitwaye kondori. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 duniani. Walikamatwa wote, wakazalishwa vizimbani, wakaanza kurudishwa porini, na sumu ya risasi ikaendelea kuwa muuaji wao mkuu. Ndiyo maana tangu Julai 1, 2019 uwindaji wote California ni kwa risasi zisizo na madini haya, za shaba kwa mfano. Japani, kisiwani Hokkaido, walianza kuzuia mwaka 2000 baada ya tai wa baharini kufa kwa kula mizoga ya paa. Umoja wa Ulaya ulifunga marisau ya risasi kwenye ardhioevu zake zote kuanzia Februari 15, 2023, na mwaka 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza kuziondoa risasi hizo kwa wawindaji baada ya kipindi cha mpito. Hilo la mwisho nadhani ndilo mgeni wa mjukuu wako alilokuwa nalo kichwani.

Usidhani mambo haya yanaishia Ulaya. Upo mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulioanza kufanya kazi mwaka 1999, na Tanzania ni mwanachama. Mpango wake ulizitaka nchi ziache marisau ya risasi kwenye ardhioevu kufikia mwaka 2000. Na Botswana watafiti walipima damu ya tai mgongo mweupe zaidi ya 500, karibu theluthi wakakutwa na risasi kupita kiasi, na kiwango kilikuwa juu zaidi kwenye maeneo na majira ya uwindaji. Tai huyo ndiye unayemwona angani ukipita geti la Ndabaka kwenda Musoma. Kwa hiyo mwenye kitalu cha uwindaji kando ya Serengeti, swali hili linamhusu moja kwa moja, na jibu langu kwake ni fupi: badili uingie kwenye shaba. Bei ni kubwa kidogo, lakini mtalii anayelipa fedha zile kupiga nyati hatashindwa na bei ya risasi.

Sasa turudi Igombe.

Mnandi unaowaona wamejipanga juu ya mawe karibu na Saanane, mabawa wameyatandaza juani, ni wala samaki, na wana tabia inayowaokoa. Karibu kila siku mnandi hutapika donge la mifupa na magamba aliyoshindwa kuyasaga. Kitu kigumu kikiingia, kina nafasi nzuri ya kutoka na donge hilo kabla hakijayeyuka. Pili, risasi ya wavu wako ina ukubwa wa kidole gumba na imebanwa kwenye kamba. Hakuna ndege wa kuimeza. Ungeniuliza kama risasi ya wavu wa makila, ule unaotegwa ukamnasa samaki kwenye matundu yake, inaua mnandi, ningekujibu hapana bila kusitasita. Hujawaona wamekufa kwa sababu hawafi kwa hilo.

Wasiwasi wangu uko pengine. Wale wavuvi wa ndoano wanaotumia vichubwi vidogo kwenye mshipi wanakaribia zaidi hali ya Uingereza. Mshipi ukikatika samaki anakwenda na ndoano na chubwi, anadhoofika, anaelea, na furukombe hachagui, anamchukua aliye juu. Halafu kuna bata, bata bukini na ndege wengine wanaookota mbegu na changarawe kwenye majaruba ya mpunga ya Magu na Busega na kwenye mdomo wa Mto Simiyu. Hao wana firigisi zilezile za batamaji. Mahali wanapopigwa kwa marisau, hesabu ni ileile.

Hata hivyo, nisikudanganye kwa kukuza jambo. Mimi nikipewa mamlaka ya kuokoa ndege wa ziwa hili, sianzi na risasi. Naanza na nyavu zilizopotea, hasa timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ambazo haziozi na zinaendelea kunasa miaka bila mwenyewe. Umewahi kumwona mnandi aliyenaswa kwenye timba: nyuzi zimeingia chini ya manyoya ya shingo, amejizungusha mpaka bawa limefungwa kifuani, na amezama akiwa hatua chache kutoka juu ya maji. Fisi maji hufa vivyo hivyo. Baada ya hapo naingia kwenye sumu za shambani. Huko Bunyala, upande wa Kenya, watu wametega ndege wa majarubani kwa sumu ya wadudu iitwayo kabofurani na kuwauza kama kitoweo. Ndege wanaokufa kwa njia hizo mbili wanaonekana kwa macho. Kanuni zetu za uvuvi nazo zimeelekea huko: makila yasiwe chini ya inchi 6, timba na kokoro (wavu wa kuvuta hadi ufukweni) marufuku, sangara asiwe chini ya sentimita 50. Afisa uvuvi akija mwaloni anapima tundu la wavu. Kamba ya chini haitazami.

Kuhusu samaki, jibu halihitaji maneno mengi. Risasi iliyokaa majini hujifunika utando wa kijivu unaoizuia kuyeyuka haraka, na maji ya ziwa letu si ya tindikali. Usiku mmoja wa wavu majini hautii sumu kwenye mnofu wa sangara. Minofu inayokwenda Ulaya hupimwa, kiwango cha juu kinachokubalika kikiwa miligramu 0.30 za risasi kwa kilo. Kula samaki wako kwa amani, ila nawa mikono kwanza kama umeshinda ukipanga risasi kwenye kamba, na usizibane kwa meno. Najua mafundi wanazibana kwa meno.

Sasa karai.

Betri ya gari hubeba risasi kilo kadhaa, zaidi ya nusu ya uzito wake wote. Lakini sehemu kubwa si ile metali safi inayong'aa. Ni uji mgumu uliopakwa kwenye sahani, mchanganyiko wa risasi na oksijeni na chumvi za tindikali, na ukikauka unakuwa vumbi. Vumbi hilo ni baya kuliko kipande cha risasi kwa sababu halihitaji firigisi wala muda wa kusagwa. Limeshasagwa. Ukipasua betri kwa shoka linaruka, linatua kwenye nywele, kwenye shati, kwenye mchanga ambao mtoto ataukalia jioni.

Kisha unawasha moto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa lililopulizwa vizuri linapita hapo mbali sana. Kadiri moto unavyozidi, ndivyo mvuke wake unavyopanda na kugeuka moshi mwembamba usio na harufu ya kukuonya. Ile taka ya kijivu na njano inayoelea juu, unayoiengua na kuitupa pembeni ya ukuta, ni vumbi lilelile kwa mara nyingine.

Yaliyotokea kwingine yanatosha kukueleza uzito wake. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakichakata betri mbovu na kuchekecha mchanga wenye risasi ili wauze. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Mwanzoni madaktari hawakujua kinachowaua. Hapa karibu zaidi, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa katikati ya makazi. Wananchi waliugua, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda na chako ni karai, nakubali. Lakini karai lako liko hatua ngapi kutoka jikoni?

Watoto ndio wanaoumia kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii haimwangushi mtoto siku moja. Anakuwa mzito wa kujifunza, hasira za haraka, tumbo linauma mara kwa mara, choo kigumu, damu pungufu. Hapo nyumbani mtasema malaria, mtasema minyoo, jirani atasema kuna mkono wa mtu. Kwa mtu mzima inapandisha presha na kuchosha figo. Sehemu kubwa huhifadhiwa kwenye mifupa, inakaa humo miongo, na mama akibeba mimba mifupa inaiachia na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo binti aliyekulia kwenye uwanja wa karai anaweza kumpa mwanawe sumu ya miaka ishirini iliyopita.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza. Ulisema hujaona ndege aliyekufa kwa risasi. Je, una kuku? Unapomimina kwenye mchanga, matone yanaruka na kuganda kuwa vipunje vidogo, na kuku wa uani anaokota vipunje siku nzima akitafuta changarawe za firigisi yake. Kwa Igombe, ndege aliye kwenye hatari iliyompata batamaji wa Uingereza ni huyo kuku, na risasi anayoimeza inapita hadi kwenye mayai. Safari ijayo ukichinja, pasueni firigisi juu ya sahani nyeupe, suuzeni changarawe, mtazame kama kuna kipunje cha kijivu kinachong'aa kikikwaruzwa kwa kisu. Kikionekana, acheni kula mayai na nyama ya kuku hao, na wapelekeni watoto wa nyumba hiyo hospitali ya rufaa. Mwambieni daktari waziwazi kwamba nyumbani mnayeyusha betri, kwa sababu bila neno hilo hatakuwa na sababu ya kuagiza kipimo cha risasi kwenye damu.

Ushauri wangu ni uache kuyeyusha, siyo uyeyushe kwa uangalifu. Kitambaa puani hakizuii moshi huo. Najua utaniuliza wavu utazamaje, na hapo ndipo wataalamu wengi hukimbia, kwa hiyo tufanye hesabu.

Kitu kikiwa majini hupoteza uzito sawa na maji kiliyoyasukuma. Kilo moja ya risasi ikizama inavuta kwa uzito wa gramu 910 hivi. Kilo moja ya chuma inavuta gramu 870. Kilo ya jiwe gumu la vilima vya Mwanza inavuta gramu 620, na ya zege kama 580. Maana yake, wavu uliokuwa ukibeba kilo 10 za risasi utazama vilevile kwa kilo 10 na nusu za chuma. Tofauti ni nusu kilo tu. Kwa mawe utahitaji karibu kilo 15, kwa zege karibu 16. Watu wengi wanadhani hakuna cha kushindana na risasi kwa sababu wanaipima mkononi, wanaona ilivyo ndogo na nzito. Udogo ni kweli: chuma kitachukua nafasi mara moja na nusu, jiwe mara sita. Lakini kinachozamisha wavu ni uzito, na kwa uzito chuma hakiko mbali.

Shida ya chuma ni kutu na ncha. Nondo ya milimita 10 au 12 iliyokatwa vipande vifupi itasugua uzi wa nailoni mpaka uuchane, na kutu yake inaharakisha kazi hiyo. Dawa ni kusaga ncha zote mbili, kisha kila kipande ukivalishe kipande cha mpira wa maji uliochakaa, mpira uzidi chuma kidogo kila upande, ndipo ukifunge kwenye kamba. Ukifunga chuma kitupu utakuja kunilaumu. Mpira pia unakizuia chuma kisijikwae kwenye matundu wakati wa kutegua. Mawe yenyewe wazee waliyatumia na bado yanafaa kwa wavu unaotegwa ukakaa, hasa yaliyolainishwa na mawimbi. Kwa wavu unaovutwa yatakutesa. Kwa mishipi ya ndoano ni rahisi zaidi: nati, au plagi kuukuu za bodaboda, ambazo mafundi wa pikipiki wanazitupa bure na tayari zina mahali pa kufungia. Petroli yenye risasi tuliachana nayo kitambo, hivyo plagi hizo hazina shida hiyo.

Usibadili nyavu zote kwa mpigo. Funga wavu mmoja kwa chuma, uutege sambamba na mwingine wa risasi kwenye maji yaleyale, na uangalie unavyokaa. Kama kamba ya chini inapeperuka na mkondo, ongeza kipande kimoja kila baada ya nafasi chache. Usiongeze uzito wa kipande, maana uzito ukirundikana sehemu moja wavu unajikunja.

Risasi zilizomo kwenye nyavu za sasa ziache zimalize maisha yake hukohuko. Zikining'inia kwenye kamba hazimdhuru mtu. Zikizeeka, zikate na kuziuza zikiwa nzima, bila kuziyeyusha upya. Betri ambazo hujazipasua zirudishe kwa aliyekuuzia zikiwa na maji yake ndani. Uani, loanisha mchanga kabla ya kuugusa ili vumbi lisiruke, chota ule wa juu kuzunguka jiko pamoja na taka ya kuengua, uufunge kwenye mifuko imara, na umwone afisa mazingira wa manispaa akuelekeze pa kuupeleka. Usiumwage ziwani wala kuufukia karibu na kisima. Mahali palipobaki pamwage udongo safi wa kutosha, au zege kama mfuko unaruhusu. Karai lenyewe litobolewe kabisa, asije mtu akaoshea mboga.